Haiku za Kiingereza uzeeni: kuhesabu mizani, kuandika fupi, au kuanzia Kiswahili?

Mwezi wa tisa ukiingia Lubumbashi, kusini mwa Kongo, jakaranda humwaga maua yake ya zambarau juu ya magari na vichwa vya wapita njia, na sisi tuliokwisha kustaafu tunatoa viti nje kwa sababu chini ya mabati hakukaliki. Ni kwenye kiti kama hicho nilipoanza kuandika haiku kwa Kiingereza, nikiwa na miaka 59. Nilikuwa nimefundisha jiografia maisha yangu yote, kwa Kifaransa. Kiingereza kilinijia kupitia wajukuu: binti yangu ameolewa Kitwe, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, na watoto wake wanasomea Kiingereza. Nilitaka kuzungumza nao jambo lililopita salamu.

Wazee wenzangu wanaoanza sasa huja na swali moja. Mmoja ameambiwa kwamba haiku isipokuwa na silabi 5, 7 na 5 si haiku. Mwingine ameonyeshwa na mwanawe mashairi ya Kiingereza yenye maneno manane tu, hayahesabiki kwa namna yoyote, na bado yanaitwa haiku. Wa tatu anasema kichwa chake hakioni mti kwa Kiingereza. Kinauona kwa Kiswahili. Basi wafuate njia ipi? Nimepita zote tatu kwa miaka saba, na mpaka leo natembea kwenye mbili.

Kwa asiyeijua, haiku ni shairi fupi la Kijapani la mizani 17. Zamani lilikuwa ubeti wa kufungulia ushairi mrefu wa kupokezana. Mshairi Masaoka Shiki ndiye aliyelipa jina la haiku mwishoni mwa karne ya 19. Linaonyesha jambo moja lililoonekana au kusikika katika mazingira, lina neno la majira, na lina mkato: mahali picha moja inapokoma na nyingine kuanza, bila mwandishi kueleza zinahusianaje. Chura wa mshairi Matsuo Bashō, wa mwaka 1686, anaruka ndani ya bwawa kuukuu na maji yanalia. Limeisha. Hakuna funzo linalofuata, na kwa mwalimu mzee kama mimi hilo lilikuwa gumu kuliko Kiingereza chenyewe.

Mambo manne ya kupima kwanza

La kwanza ni Kiingereza ulichonacho. Haiku haitaki msamiati mwingi, lakini inataka sikio, na kila njia inalidai sikio hilo kwa namna yake.

La pili ni mazingira yetu, na hapa naomba tukae kidogo. Wajapani wana vitabu vizima vya maneno ya majira, yamepangwa kwa misimu yao minne pamoja na mwaka mpya. Anayejifunza kwa Kiingereza huyachukua jinsi yalivyo, na ghafla unamkuta mzee wa Katuba, mtaa wa hapa mjini, anaandika juu ya theluji. Sisi tuna majira yetu, tena yanatofautiana waziwazi. Mvua inaanza kushika Novemba na kwenda hadi Aprili: kumbikumbi, vyura, uyoga mpana unaoota kwenye vichuguu na kuuzwa kando ya barabara. Mei hadi Agosti ni ukavu na baridi: moshi wa pori linaloungua, koti la asubuhi, mikono iliyonyooshwa juu ya mbabula, jiko la mkaa. Kisha joto la Septemba na Oktoba: vumbi jekundu, jakaranda, maembe ambayo bado ni mawe. Kabla hujaandika haiku hata moja, chukua daftari uandike orodha yako ya maneno ya namna hiyo, kila msimu na ukurasa wake. Yangu ilinichukua mwaka mzima, kwa sababu nilijizuia kuandika neno ambalo sijaliona kwa macho yangu mwaka ule ule.

Kuna mtego mmoja. Mwezi wa tisa, kabla ya tone la kwanza la mvua, miti ya miombo nje ya mji huchipua majani mekundu kama shaba. Ni majani machanga. Ukijani huja yakikomaa. Sasa msomaji wa Uingereza au Marekani ukimwandikia "red leaves" anaona jani linalokufa, maana kwake wekundu ni dalili ya mwaka unaoelekea baridi. Wewe umeandika kuzaliwa, yeye amesoma mazishi. Nilipoligundua hilo nilifuta haiku nyingi, nikaibakiza hii:

*September heat*
*the new leaves*
*already red*

Joto la Septemba, majani mapya, tayari ni mekundu. Neno "new" ndilo lililookoa shairi. Kwa hiyo unapopima njia yoyote, jiulize kama inakuachia nafasi ya neno la namna hiyo, lile linalomzuia msomaji wa mbali asiuone mti wake badala ya mti wako.

La tatu ni mwili na muda. Macho, magoti, kumbukumbu, umeme unaokatika saa moja jioni. Mzee haandiki na mwili wa kijana, na hakuna aibu kuchagua njia kwa kuangalia goti.

La nne ni msomaji. Unamwandikia mjukuu, jirani, jarida la nchi ya mbali, au daftari lako peke yake? Majibu haya manne yanaelekea njia tofauti.

Njia ya kwanza: kuhesabu 5-7-5 kwa Kiingereza

*Kiingereza.* Hapa ndipo sikio letu linapopata shida kubwa. Sisi tumezoea silabi inayofungwa na irabu. Neno "strength" kwa Mwingereza ni silabi moja. Tukilitamka kwa desturi yetu linakuwa si-ti-re-ngi-thi, tano nzima. "Stopped" na "burned" ni moja moja, ingawa macho yanaona mbili. Siku moja nilimsomea mjukuu wangu kwa simu mshororo juu ya nguo zilizoanikwa: *clothes on the line*. Nilikuwa nimehesabu tano, nina uhakika kabisa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Nkambo, hesabu tena. Clothes ni moja." Mizani zilikuwa nne. Tangu siku hiyo kila neno jipya nalisikiliza kwanza kwenye simu, naligonga kwa kidole mezani, ndipo naliandika. Jua pia kwamba kuna maneno, "fire" kwa mfano, ambayo hata wenye lugha hawakubaliani kama ni silabi moja au mbili. Ukiweza, yaepuke.

Shida ya pili ni ya kujaza. Mshororo umepungua silabi mbili, nawe unatafuta chochote cha kuziba pengo. Angalia hii yangu ya mwanzoni:

*On the red dust road*
*the very old mango tree*
*drops a fruit for me*

Hesabu imekamilika. Lakini "very" imeingia kuziba, na "for me" imeingia kuziba na kutafuta kina cha "tree". Mwembe hauniangushii mimi embe, unaangusha tu. Nilikuwa nimeongeza uongo mdogo ili hesabu itimie.

*Mazingira.* Ila nafasi hiyo hiyo, ikitumiwa vizuri, ni neema kwetu. Silabi 17 za Kiingereza hubeba habari nyingi kuliko mizani 17 za Kijapani, na sisi tuna vitu ambavyo msomaji wa mbali hana, lazima vitajwe kwa majina yake kamili. Vichuguu vyetu vikubwa, kwa mfano, vile vinavyopita urefu wa mtu na ambavyo watu huchimba udongo wake kufyatulia matofali. Kwa Kiingereza kichuguu ni maneno mawili, silabi tatu, na hakikatiki:

*before the first rain*
*the old termite hill is warm*
*under both my hands*

Kabla ya mvua ya kwanza, kichuguu kikuukuu kina joto chini ya mikono yangu miwili. Mshororo wa katikati wenye silabi saba ndio uliokipa kichuguu mahali pa kusimama.

*Mwili na muda.* Njia hii haihitaji macho. Vidole kumi vinatosha. Usiku umeme ukikatika unaweza kulala chali, ukahesabu gizani mpaka usingizi ukuchukue, na asubuhi shairi liko pale kwa sababu hesabu imelishikilia. Mwandishi Mmarekani mweusi Richard Wright, aliyezaliwa 1908, alifanya karibu hivyo. Akiwa Ufaransa, mgonjwa, katika miezi kama 18 ya mwisho wa maisha yake, aliandika haiku zipatazo 4,000 kwa Kiingereza, akihesabu 5-7-5. Alifariki 1960 akiwa na miaka 52. Kwa umri hakuwa mzee, lakini mwili wake ulikuwa umechoka kama wa mzee, na bado kila siku ilikuwa na kitu cha kuhesabia vidole. Nikiwa na malaria ya kulala kitandani, huwa namkumbuka.

*Msomaji.* Mtoto wa shule na mwalimu wake wanaijua sura hii. Ukimtumia mjukuu haiku ya 5-7-5 ataihesabu, atakusahihisha, atakujibu na yake. Majarida ya haiku ya Kiingereza mengi, kwa upande mwingine, siku hizi huchapisha fupi zaidi, na shairi lililojazwa ili litimie 17 hutambulika mara moja.

*Inamfaa* mtu anayependa kuta za kuegemea, anayeandikiana na watoto, au ambaye macho yamepungua nguvu.

Njia ya pili: fupi, bila kuhesabu

*Kiingereza.* Wanaoandika namna hii wanasema silabi 17 za Kiingereza ni nzito mno kulinganisha na asili ya Kijapani, basi wanashuka hadi kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kadiri shairi linavyohitaji. Ukisikia hivyo utadhani ni rahisi kwa mwanafunzi. Kwangu ilikuwa kinyume. Maneno yakiwa manane, kila moja liko uchi. Na yanayotusumbua zaidi ni yale madogo, "a" na "the", ambayo Kiswahili hakina. Ukiyaacha yote, shairi linasomeka kama telegramu ya zamani. Ukiyaweka yote, limejaa kokoto. Rudi kwenye embe lile:

*red dust road*
*the mango falls*
*before I reach it*

Barabara ya vumbi jekundu. Embe laanguka kabla sijalifikia. Mbele ya "road" sikuweka kitu. Mbele ya "mango" nimeweka "the", kwa sababu ni embe lile moja nililokuwa nikilitazama tangu mbali, nikitembea polepole kama ninavyotembea sasa. Ningeandika "a mango" lingekuwa embe lolote, na mwendo wangu wa kizee usingeonekana. Uzee haujatajwa popote, lakini umo. Neno moja la herufi tatu lilinichukua karibu wiki tatu.

*Mazingira.* Nafasi ni finyu, hivyo majira itabidi yatajwe moja kwa moja: "first rain", "September", "cold smoke". Kitu ambacho msomaji wa mbali hakijui kabisa hakiingii humu kwa urahisi. Uyoga wa vichuguu nimeujaribu mara nyingi kwa njia hii na mpaka leo umenishinda.

*Mwili na muda.* Maneno manane yanabebeka kichwani kutoka sokoni hadi nyumbani bila daftari, jambo zuri kwa anayetembea. Hata asiyetembea ana lake. Shiki niliyemtaja aliugua kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo, akawa mtu wa kitandani miaka ya mwisho, na aliendelea kuandika juu ya kile alichoweza kukiona kutoka pale alipolala, bustani ndogo na maua yake. Dirisha moja la mtaa wa Kampemba linaloonyesha mpapai na waya wa kuanikia nguo lina kazi ya mwaka. Kinachochukua muda ni kupunguza. Ukikaa chini kuandika haiku ya namna hii, jiandae kuamka na daftari lililofutwafutwa.

*Msomaji.* Hii ndiyo sarafu inayokubalika kwenye majarida na vyama vya haiku ya Kiingereza. Chama cha Marekani kilianzishwa 1968 na cha Uingereza 1990, na kuna majarida mengi yanayopokea kazi kwa barua pepe, bila mhariri kukuuliza umri. Kukataliwa ni kwingi. Mimi nimekataliwa mara nyingi kuliko nilivyokubaliwa, na mara chache mhariri amerudisha neno moja la ushauri ambalo lilinifaa kuliko kukubaliwa. Ukiwa mtu wa kuumia haraka, lifikirie hilo kabla ya kununua mega za intaneti za kutumia.

Jirani zako lakini watakuuliza: shairi liko wapi? Nilimsomea rafiki yangu wa zamani wa shule ile ya embe. Akangoja. Akasema, "Endelea." Sikuwa na cha kuendeleza. Nikamweleza kwa Kiswahili, akaielewa, akanyamaza, kisha akasema kwamba hata yeye siku hizi hufika mahali vitu vikiwa vimeshaanguka. Hapo nilijua shairi limefika, ila lilihitaji kupandishwa kwenye gari jingine.

*Inamfaa* mwenye subira ya kufuta, anayetaka kusomwa na waandishi wenzake wa mbali, na ambaye Kiingereza chake kimeshapita hatua ya kutafuta kila neno kwenye kamusi.

Njia ya tatu: kuanzia Kiswahili, kisha kuvuka

*Kiingereza.* Kinangoja. Kwanza unaandika haiku kamili kwa Kiswahili, yenye mizani yake, kisha unaitafutia mwili mwingine.

Na hapa nina jambo ambalo lilinifurahisha mno nilipoliona, maana sikulitarajia. Kiswahili na Kijapani, lugha mbili zisizo na undugu wowote, zinahesabu kwa sikio linalokaribiana. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu, na zao vilevile. Sisi tunaihesabu "m" ya "mtu" kuwa mizani kamili: m-tu, mbili. Wao wanaihesabu "n" iliyosimama peke yake kuwa pigo kamili. Jina la nchi yao, Nippon, kwao lina mapigo manne. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane na nane. Haiku nzima ina 17. Ukilichukua shairi letu, haiku ni mshororo mmoja uliozidishwa pumzi moja. Kwa hiyo 5-7-5, ambayo kwa Kiingereza inanibana kama kiatu cha kuazima, kwa Kiswahili inanikaa:

*Vumbi latua,*
*kumbikumbi watoka,*
*taa yazima.*

Tano, saba, tano, wala sikulazimisha. Ilikuwa jioni ya mvua ya kwanza, mwanzoni mwa Novemba. Kumbikumbi walikuwa wameanza kuizunguka taa ya barazani na watoto wameshaleta beseni la maji, mara umeme ukakatika.

*Mazingira.* Njia hii haina mpinzani katika kigezo hiki. Neno "kumbikumbi" lina majira ndani yake. Msomaji wa mtaa wa Ruashi hahitaji kuambiwa kwamba mvua imenyesha. Hata sauti yake, ku-mbi-ku-mbi, ni mbawa zinazogonga glopu. Sasa jaribu kulivusha. Kwa Kiingereza kumbikumbi ni "flying termites", jina la mdudu anayekula nyumba ya mtu. Hakuna mvua ndani yake, hakuna beseni, hakuna watoto, hakuna harufu ya kikaango. Nilitafsiri neno kwa neno mara nne na kila mara nilipata taarifa ya mtu wa kuua wadudu. Mwishowe niliacha kutafsiri, nikarudi barazani kwa mawazo, nikajiuliza: Mwingereza akiwa hapa, gizani, angehisi nini? Ikatoka hii:

*first rain*
*the lamp goes out*
*wings against my sleeve*

Mvua ya kwanza, taa yazima, mbawa kwenye mkono wa shati langu. Vumbi limeondoka. Kumbikumbi mwenyewe ameondoka, zimebaki mbawa zake. Mvua, ambayo kwa Kiswahili ilikuwa imejificha ndani ya mdudu, imebidi itoke na kusimama mshororo wa kwanza. Ni mashairi mawili juu ya jioni moja, na nayapenda yote mawili bila kuyalinganisha.

Utajiuliza Kiswahili gani. Ukiandika "nkambo" au "bukari", yaani ugali, msomaji wa Zanzibar atakwama. Ukiandika cha vitabuni tu, mama wa jirani atasema umeanza kuhubiri. Mimi nachanganya. Kitu cha nyumbani nakiita kwa jina la nyumbani, na kitenzi nakiacha kiwe cha wote.

Wapo pia wanaopenda kuanzia Kifaransa, kwa kuwa ndicho walichosomea. Nimejaribu. Ile "e" isiyotamkwa ya mwisho wa maneno inavuruga hesabu, na isitoshe unajikuta unavuka mito miwili kufika shamba moja. Kwa aliyefikiri kwa Kifaransa maisha yote huenda ikamfaa, kwangu haikunifaa.

*Mwili na muda.* Ni kazi maradufu. Usitarajie zaidi ya chache kwa mwezi. Lakini kwa anayeogopa kwamba kumbukumbu inaanza kumtoroka, kulitafuta neno katika lugha mbili ni shughuli inayomfanya arudi kukitazama kitu chenyewe, mti, ndege, moshi, si neno tu.

*Msomaji.* Una wasomaji wawili kwa jioni moja. Ya Kiswahili unaisoma barazani, kila mtu anaielewa. Ya Kiingereza unaituma Kitwe. Hatari yake ni kwamba ya Kiingereza inaweza kubaki kivuli cha kwanza, yenye kutembea kwa fimbo. Dawa niliyoipata ni kuficha ile ya Kiswahili kwa wiki moja kabla ya kuandika ya pili.

*Inamfaa* anayeanza Kiingereza leo, anayetaka familia na majirani wawe sehemu ya kazi yake, na mtu yeyote ambaye vitu vya utotoni bado vinamjia kwa jina la kwanza alilofundishwa.

Kulingana na hali yako

Kama Kiingereza chako ni cha mwaka mmoja au miwili, anzia Kiswahili. Usingoje Kiingereza kikomae ndipo uanze kutazama. Miombo inachipua mwaka huu.

Kama una wajukuu wanaosomea Kiingereza na unataka kitu cha kufanya nao kwa simu, hesabu 5-7-5. Waache wakusahihishe. Nimejifunza silabi nyingi zaidi kwa kusahihishwa na mtoto wa miaka kumi kuliko kwa kamusi.

Kama unaota jina lako likichapishwa kwenye jarida la haiku, nenda kwenye fupi, na kabla ya kutuma kitu soma haiku za wengine miezi kadhaa. Tazama wanavyokata na wanavyotumia "the". Ya kwako ikirudi, usiibadilishe siku hiyo hiyo.

Kama macho yamepungua au unalala kitandani, vidole na 5-7-5 gizani. Mchana kukiwa na mtu wa kukuandikia, akuandikie kile ulichokitunza usiku.

Kama ulikuwa mshairi wa shuleni na mizani za nane na nane bado zimo kichwani, utasumbuliwa na hamu ya vina. Anza na Kiswahili, lakini vina viache nje ya mlango. Haiku haivihitaji, na embe langu la "tree" na "me" limekuonyesha vinavyoweza kufanya.

Kama unahamia kwa watoto nje ya mji huu, Ndola, Kitwe au mbali zaidi, andika orodha yako ya majira kabla hujaondoka, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kwa kila msimu. Kiingereza utakikuta huko. Harufu ya vumbi la Lubumbashi dakika ile mvua ya kwanza inapoligonga hutaikuta.

Na kama bado huwezi kuchagua, kaa nje jioni ya leo na daftari. Andika kitu kimoja ulichokiona, kwa lugha yoyote iliyotangulia kufika. Mimi jana nilimwona kunguru mwenye kola nyeupe amesimama juu ya tangi la maji la jirani, mdomo wazi kwa joto, akisubiri. Imefika kwa Kiswahili, mizani tano za kwanza tu. Zilizobaki nazitafuta.